Bordeaux ya zamani: uliza ililala wapi kabla hujauliza jina

Kuna kaka mmoja kaniandikia, dada nimejibana nimepata hela kidogo, nataka kuanza kuweka ndani waini za zamani za Bordeaux, kule Ufaransa, sasa nianze na Lafite au Mouton, zile za majina makubwa? Nikacheka, sio kwa ubaya, maana hata mimi niliwahi kuuliza hivyohivyo nilipoanza kazi ya kuchagua na kumimina waini mgahawani hapa Brussels. Siku hizi jibu langu ni moja: jina baadaye, kwanza niambie hiyo chupa ililala wapi.

Nimelipia ada ya somo hili, jamani. Nilinunua chupa tatu za Pauillac, sehemu ya hukohuko Bordeaux, za 1990, mwaka mzuri, shato lenye jina, yaani shamba linalotengeneza waini, muuzaji akasema zimetoka kwa mzee mmoja. Mzee gani, anaishi wapi, alikuwa anaziweka wapi, sikuuliza, macho yote yalikuwa kwenye lebo. Nafika nyumbani nashika ile kofia ya bati ya juu, haizunguki, imegandana na shingo kama imepakwa asali, na waini yenyewe imeshuka hadi katikati ya bega. Ya kwanza ilinuka zabibu kavu zilizochemshwa na siki, ya pili vilevile, ya tatu ikaishia kwenye mchuzi wa nyama na mchuzi wenyewe haukunoga. Hizo chupa zilipigwa joto mahali, waini ikavimba ikasukuma kizibo ikachuruzika, baridi iliporudi ikavuta hewa ndani, na hewa ikishaingia hapo hamna tena waini.

Kwa hiyo sasa hivi sinunui chupa bila tochi mkononi. Namulika shingoni kutokea nyuma. Waini ya miaka ishirini ikiwa bado iko mwanzo wa shingo, safi kabisa. Ya miaka thelathini au arobaini ikiwa imeshuka hadi juu ya bega ni kawaida, ndo umri huo. Katikati ya bega unacheza kamari, chini ya bega achana nayo hata kama anakupa nusu bei. Na kinyume chake pia kipo, chupa ya zamani sana imejaa pomoni, uliza kama shato lenyewe liliibadilisha kizibo na kuijaza, kama hamna karatasi ya kuthibitisha basi shtuka, maana feki zipo nyingi, kuna tapeli mmoja, Rudy Kurniawan, alikutwa na hatia New York 2013 kwa kuchanganya waini jikoni kwake na kubandika lebo za wakubwa, na walionunua walikuwa matajiri wanaojifanya wajuzi.

Lebo chafu isikutishe! Lebo yenye ukungu na madoa mara nyingi maana yake ni kwamba chupa ilikaa mahali penye unyevu, na unyevu ndo unaofanya kizibo kisikauke. Mimi lebo inayong'aa kwenye chupa ya 1982 ndo inaniuliza maswali.

Sasa kwa nini tuhangaike na kungoja? Umewahi kula bibo, ule ukakasi unaokukamata ulimi na mashavu? Bordeaux changa ina ukakasi wa namna hiyo, unatokana na tanini za maganda na mbegu za zabibu. Miaka inavyokwenda zile tanini zinashikana, zinakuwa nzito, zinazama chini kama mashapo, waini inabaki laini na rangi inatoka zambarau inaelekea tofali. Ila sio kila waini ina akiba ya kufika huko, nyingine ukakasi unaisha na utamu wa tunda nao ushaondoka, unabaki na maji ya majani makavu.

Ndo maana mwaka wa mavuno unausoma pamoja na ng'ambo ya mto, maana mashamba ya Bordeaux yako pande mbili za mto. Kushoto, kule Médoc, ardhi ni changarawe na zabibu aina ya Cabernet Sauvignon ndo bosi, kulia, Pomerol na Saint-Émilion, kuna udongo wa mfinyanzi mwingi na Merlot inatawala. 1996 kushoto ilikuwa tamu sana kwa sababu Septemba ilikauka na Cabernet ikaiva vizuri. 1998 ni kinyume, mvua ilikuja Merlot zimeshavunwa na Cabernet bado ziko shambani, kwa hiyo mwaka huo nenda kulia. 2000 kila mtu anaijua na bei inajijua pia, mimi naokota 2001 iliyofunikwa na jina la kaka yake. 2005 na 2010 nyingine bado ngumu, hizo ziache zilale. 2003 ilikuwa joto la ajabu, chagua kwa uangalifu. 2013 usiweke, ungeshakunywa.

Na ile orodha ya 1855 iliyopanga mashato ya Bordeaux kwa madaraja ilifuata bei za soko la wakati ule, tangu hapo badiliko kubwa ni Mouton kupandishwa daraja 1973. Hela ya chupa moja ya juu kabisa inakupa kasha zima la shato la kawaida zaidi kama Chasse-Spleen au Poujeaux, na kasha lina faida moja ambayo chupa moja haina: unafungua moja kila baada ya miaka miwili unaona inaelekea wapi. Ukiwa na moja tu utaitazama mpaka ife.

Wanaoniuliza kutoka Dar, hapana, juu ya kabati la jikoni sio stoo. Inataka nyuzi 12 hadi 14, giza, utulivu, chupa imelala kizibo kiguse waini. Friji ya kawaida ni baridi mno na kavu, ya kukaa wiki sawa, ya kukaa miaka kumi hapana. Nunua friji ya waini, na umeme ukikatika usifungue mlango kila dakika kuchungulia.

Mwaka jana mteja wetu mmoja mstaafu alikuwa anahama nyumba akaniita nione stoo yake ya chini. Sociando-Mallet ya 1996, shato ambalo halimo hata kwenye hiyo orodha, kasha la mbao lenyewe, risiti ya dukani bado imo ndani, na hazijawahi kutoka pale tangu zifike. Nikachukua sita. Moja niliisimamisha siku mbili mashapo yashuke, kizibo nikakitoa kwa kile kizibuo cha ncha mbili kinachoingia pembeni, maana cha kuzungusha kinakisaga, nikamimina polepole tochi ikiwa chini ya shingo mpaka nilipoona uzi mweusi wa mashapo unakuja, nikaacha hapohapo. Sikuiweka kwenye jagi masaa mawili kama wanavyofanya wengine, ya umri huo inaweza kufifia mbele yako. Ilinuka penseli iliyochongwa sasa hivi, na majani ya tumbaku. Zimebaki tano, na kaka aliyeniandikia siwezi kumuuzia.