Shahid Khan hakununua timu kwa pesa za kuosha vyombo

Hadithi ya Shahid Khan husimuliwa hivi: kijana maskini kutoka Pakistan alifika Marekani, akaosha vyombo, akadunduliza, leo anamiliki Jacksonville Jaguars, timu ya mpira wa Kimarekani, na Fulham, klabu ya soka ya Uingereza. Kuosha vyombo ni kweli. Mwaka 1967, akiwa na miaka 16, alilipwa dola 1.20 kwa saa. Lakini hakutoka kwenye ufukara. Mama yake alifundisha hisabati chuo kikuu, na Khan mwenyewe alikuja Marekani kusomea uhandisi katika jimbo la Illinois.

Utajiri wake ulitoka kwenye bampa. Akiwa mwanafunzi aliajiriwa Flex-N-Gate, kiwanda cha vipuri vya magari, na hapo akaujua ufundi wenyewe. Mwaka 1978 alianzisha kampuni yake kwa akiba ya dola 16,000 na mkopo wa 50,000, akitengeneza bampa ya pikapu ya kipande kimoja badala ya vipande vilivyounganishwa. Miaka miwili baadaye aliinunua Flex-N-Gate yenyewe, kisha akawa muuzaji mkubwa wa bampa kwa Toyota.

Jaguars aliinunua 2012, Fulham 2013. Naona ni dhuluma kuwaambia vijana wetu kwamba jasho pekee lilitosha, tukawaficha shule, ujuzi na ule mkopo.