Akidi haipitishi hoja

Katika michezo ya siasa ya mtandaoni, ile ambamo wachezaji huunda nchi, huandika katiba na kuchaguana wenyewe kwa wenyewe, kuna tangazo ambalo halikosi muda wa kura unapokwisha: "Akidi imetimia, hoja imepita." Hoja ikianguka nako utasikia "imekosa akidi", hata kama wajumbe wote walipiga kura na wengi wao wakaikataa. Maneno haya yamezoeleka mpaka yanaandikwa kwenye katiba za nchi hizo, na huko ndiko yanakoharibu mambo.

Akidi ni idadi ya chini ya wajumbe wanaotakiwa kushiriki ili uamuzi uwe halali. Basi. Haiulizi nani kasema Ndiyo na nani kasema Hapana. Kinachopitisha au kuangusha hoja ni wingi wa kura, nao unaangaliwa baada ya kuthibitisha kwamba akidi ipo.

Ukitaka kuona kwamba hivi ni vitu viwili, tazama mabunge halisi. Katiba ya Tanzania inataka nusu ya wabunge wote wawepo. Katiba ya Kenya inataka wabunge 50 tu katika Bunge la Taifa, lenye wabunge 349 bila kumhesabu Spika, na maseneta 15 katika Seneti. Bunge la Makabwela la Uingereza linatosheka na 40. Kama akidi ingekuwa ndiyo wingi wa kura, wabunge 50 wa Kenya wangekuwa wanawashinda wenzao karibu 300 kwa kuketi tu.

Sehemu ya mkanganyiko imetoka kwenye michezo yenyewe. NationStates, iliyoanza mwaka 2002, ina baraza la dunia liitwalo World Assembly. Pendekezo haliwezi kupigiwa kura humo mpaka liidhinishwe na asilimia 6 ya wajumbe wa kanda, yaani wawakilishi wa makundi ya nchi za wachezaji, na mchezo unaiita hatua hiyo kufikia akidi. Lakini hapo wanaohesabiwa ni wanaoliunga mkono pendekezo peke yao. Hicho ni kizingiti cha uungaji mkono. Mchezaji aliyejifunzia neno hapo, akienda kuandika katiba ya kanda yake, ataandika "akidi ni kura 10 za Ndiyo" bila kuona tatizo lolote. Simlaumu.

Sababu kubwa zaidi ni kwamba akidi ilibuniwa kwa ajili ya ukumbi. Ukumbini unahesabu vichwa: mtu yupo au hayupo, na kupiga kura ni jambo jingine. Bunge la Wawakilishi la Marekani liligombana juu ya hili hili mwaka 1890. Wabunge wa upande wa wachache walikuwa na mbinu ya kuketi ukumbini kimya majina yao yakiitwa, halafu wakidai akidi haijatimia kwa sababu waliojibu hawatoshi. Spika Thomas Brackett Reed akamwagiza karani awaandike kuwa wapo, akaanza kuwataja mmoja mmoja. Mbunge mmoja wa Kentucky alisimama kupinga kuhesabiwa, na Reed akamuuliza kama anakana kwamba yupo. Mwaka 1892 Mahakama ya Juu ya Marekani ilikubali hesabu ya namna ile.

Mtandaoni Spika wa mchezo hana vichwa vya kuhesabu. Dalili pekee kwamba mjumbe yupo ni kura yake, kwa hiyo kuwepo na kuamua vimeshikana vikawa kitu kimoja. Na matokeo yake ni ya ajabu. Chukua bunge la wajumbe 24 ambalo akidi yake ni nusu, yaani 12. Zimepigwa kura 7 za Ndiyo na 4 za Hapana. Jumla ni 11, akidi haijatimia, hoja haipiti. Sasa, dakika za mwisho anaingia mjumbe anayeichukia hoja hiyo kwa moyo wote, anapiga Hapana. Jumla imekuwa 12. Akidi imetimia, Ndiyo ni 7 na Hapana ni 5, na hoja imepita. Ameipitisha yeye. Angelala, ingekufa.

Wapinzani wakishaugundua mlango huu wanaacha kupiga Hapana kabisa na kuanza kususia. Wapiga kura wa nchi halisi pia wanaujua. Mwaka 2016 Hungaria ilipiga kura ya maoni kuhusu mgawo wa wahamiaji, na zaidi ya asilimia 98 ya kura halali zikaenda upande mmoja. Kura hiyo ilikuwa batili, kwa kuwa kura halali hazikufikia nusu ya wapiga kura. Hiyo ndiyo akidi. Linganisha na kura ya maoni ya Scotland mwaka 1979 kuhusu kuwa na bunge lake: Ndiyo ilipata asilimia 51.6 ya kura, lakini sheria ilitaka Ndiyo ifikie asilimia 40 ya wote walioandikishwa, na ilikuwa asilimia 32.9. Pale wapinzani wangemiminika vituoni wote, Ndiyo isingesogea hata kidogo. Hicho ni kizingiti, na wasiojitokeza kinawahesabu kana kwamba wamesema Hapana.

Ndiyo maana naipigania sana kura ya kujizuia, ambayo wachezaji wengi huiona ni kupoteza muda. Mtandaoni ndiyo njia pekee ya mjumbe kusema "nipo, nihesabuni, ila sina upande." Inaingia kwenye akidi na haiingii kwenye wingi wa kura. Katiba inayotaka Ndiyo ziwe "zaidi ya nusu ya kura zote zilizopigwa" bila kueleza kama waliojizuia wamo, imeshaandaa ugomvi: kwa kura 7 za Ndiyo, 5 za Hapana na 3 za kujizuia, hoja inapita au inaanguka kutegemea anayesoma. Afadhali kuandika kwamba Ndiyo zizidi Hapana.

Kwa hiyo, ndugu Spika, muda wa kura ukiisha soma kwanza jumla ya walioshiriki, kisha soma Ndiyo na Hapana. Idadi ikipungua, tangaza kwamba akidi haikutimia na uishie hapo. Usiseme hoja imekataliwa, kwa sababu bunge halijaikataa bado, na kama katiba yenu inazuia hoja iliyokataliwa isirudi mpaka muhula ujao, neno lako moja litakuwa limemnyima aliyeileta haki ya kuirudisha wiki ijayo.