Maneno ya faraja ambayo Biblia haikuyasema

Ukifiwa, ukiugua ugonjwa usiopona au ukipoteza kazi, hutakosa mtu wa kukupa neno. Wengi husema kwa upendo, tena wakiamini kwamba wanachosema kimetoka kwenye Maandiko. Baadhi ya maneno hayo hayamo, na mengine yamo ila yamepindishwa. Anayeumia ndiye anayelipa gharama, kwa sababu anabaki na maumivu yake pamoja na hatia juu yake.

“Chunguza maisha yako, kuna dhambi umeificha”

Dhana hii ina umri mkubwa kuliko kanisa. Wanafunzi wa Yesu walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu waliuliza ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake. Jibu liko Yohana 9: “Huyu hakutenda dhambi, wala wazazi wake.” Katika Luka 13 Yesu anawataja watu 18 walioangukiwa na mnara huko Siloamu wakafa, na anakana kwamba walikuwa wakosaji kuliko wakazi wengine wa Yerusalemu.

Ni kweli kwamba matendo yana matokeo. Anayekunywa pombe kupita kiasi miaka mingi anaweza kuharibu ini lake. Lakini huwezi kuigeuza hesabu, ukaona ini limeharibika ukaapa kwamba mwenyewe alikuwa mlevi.

Ndivyo walivyofanya Elifazi, Bildadi na Sofari, rafiki watatu wa Ayubu. Walianza vizuri mno: walikaa chini na Ayubu siku saba, mchana na usiku, bila kumwambia neno. Walipofungua vinywa ndipo walipoharibu. Hoja yao ilikuwa nadhifu: Mungu ni mwenye haki, basi anayeteseka lazima ana kosa. Sura ya 42 Mungu anamwambia Elifazi kwamba yeye na wenzake hawakunena yaliyo sawa kama alivyonena Ayubu. Yaani aliyelalamika sura baada ya sura ndiye aliyesifiwa, na waliojifanya mawakili wa Mungu wakaagizwa kupeleka sadaka na kuombewa na mtu yuleyule waliyemhukumu.

“Mwenye imani halii”

Hapa husomwa 1 Wathesalonike 4:13, na husomwa nusu. Paulo hakuandika kwamba msihuzunike. Aliandika msihuzunike kama wasio na matumaini, na hayo ni mambo mawili tofauti kabisa. Yesu mwenyewe alikwenda kwenye kaburi la Lazaro akijua kwamba atamfufua, na bado alilia.

Fungua Zaburi uone sala za maombolezo zilivyo nyingi. Zaburi ya 13 inaanza kwa kumuuliza Bwana “hata lini utanisahau?” Zaburi ya 88 haina hata ule mstari wa mwisho wa sifa tuliouzoea, inafungwa gizani. Waliokusanya kitabu kile wangeweza kuiacha nje, lakini waliiweka iimbwe. Na pale msalabani, Yesu alichukua maneno ya Zaburi ya 22: “Mungu wangu, Mungu wangu, mbona umeniacha?” Kama kilio hicho ni ukosefu wa imani, basi tuna shida kubwa kuliko tunavyofikiri.

Watu hupenda kumnukuu Ayubu akisema Bwana alitoa na Bwana ametwaa. Ni neno zuri, ila liko sura ya 1. Sura ya 3 mtu huyohuyo anailaani siku aliyozaliwa. Sijui kwa nini wafariji wengi huishia sura ya kwanza.

“Mungu hakupi mzigo usioweza kuubeba”

Huu si mstari wa Biblia. Unaosingiziwa ni 1 Wakorintho 10:13, unaosema Mungu hataacha tujaribiwe kupita tuwezavyo, na pale Paulo anaonya juu ya ibada ya sanamu, uasherati na manung'uniko. Hasemi habari za mtu anayeuguza mwenza kwa miaka. Kuhusu mizigo ya namna hiyo, Paulo huyohuyo anasimulia yaliyompata Asia: “tulilemewa mno kuliko nguvu zetu, hata tukakata tamaa ya kuishi” (2 Wakorintho 1:8).

Na nabii Eliya je? Yuko jangwani chini ya mti wa mretemu, anaomba kufa. Hapewi hotuba wala kukemewa. Analala, malaika anamgusa, anaamka anaona mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji kichwani pake. Anakula, analala tena. Mara ya pili anaambiwa: “Inuka, ule, maana safari hii ni kubwa mno kwako.” Mbinguni hawakumwambia kwamba anaiweza.

Ule usemi kwamba Mungu humsaidia anayejisaidia nao haumo kwenye Biblia, tusipoteze muda nao.

“Mwakani utakuwa umevuka, shika Yeremia 29:11”

Ahadi ya tumaini ipo, ila soma mstari wa 10: miaka 70. Yeremia aliwaandikia mateka walioko Babeli kwamba wajenge nyumba, wapande bustani, waoe na kuzaa hukohuko. Aliyetangaza kwamba mambo yangeisha ndani ya miaka miwili alikuwa nabii Hanania, sura ya 28, na Yeremia alimwambia kwamba Bwana hakumtuma. Wengi waliousikia waraka ule wakiwa watu wazima hawakurudi. Tumaini lao lilikuwa la kupanda mboga leo mahali ambapo hawakuchagua kuishi.

“Ukienda hospitali umepungukiwa imani”

Paulo aliomba mara tatu mwiba uliokuwa mwilini mwake uondolewe, na jibu likawa “Neema yangu yakutosha.” Alimwacha mwenzake Trofimo huko Mileto akiwa mgonjwa. Alimshauri Timotheo atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo lake, na anamwita Luka tabibu mpendwa. Kwa hiyo mwenye sonona anayemeza dawa zake na kuonana na mshauri hajaiacha imani. Na kama unaomba kufa kama Eliya, mwambie mtu leo, hasa mtaalamu wa afya, wala usingoje hadi uwe na maneno mazuri ya kusema.