Je, wajua kwa nini samaki wa tangini hufa siku chache baada ya filta kuoshwa ikang'ara?

Mimi nilikuwa najua filta ya tangi la samaki ni chujio tu kama la chai, uchafu unanasa, maji yanapita, basi. Siku moja nikaitoa sponji ishakuwa rangi ya matope, nikaisugua kwa sabuni chini ya mfereji mpaka ikarudi nyeupe, nikairudisha huku najisifu. Siku ya tatu gapi wangu wote wako juu wanatweta, na maji yenyewe maangavu, gazeti ungelisoma ukiwa upande wa pili wa kioo. Nikalaumu chakula, halafu nikamlaumu aliyeniuzia. Kumbe muuaji ni mimi.

Kosa langu lilikuwa kudhani maji maangavu ndiyo maji safi. Chujio la chai linanasa majani lakini sukari inapita, si ndiyo? Sasa sumu kubwa ya tangini ni hiyo sukari. Samaki hutoa amonia, nyingi yake kupitia mashavu, na inayeyuka bila rangi. Hakuna sponji ya kuinasa. Hata yale makaa meusi ya filta kazi yake ni rangi na harufu, amonia inayapita kama hayapo.

Anayeiondoa ni bakteria wanaoishi kwenye lile tope nililolisugua. Wafikirie kama hamali wawili wa mkokoteni. Wa kwanza anazoa taka mlangoni kwako anazimwaga kona ya mtaa: kwako pamesafika, mtaa unanuka. Huyo ndiye anayegeuza amonia kuwa naitriti, ambayo nayo ni sumu, inaharibu damu ya samaki isibebe oksijeni. Wa pili anazizoa pale kona anazipeleka jaa la taka la Mwakirunge, yaani naitriti inakuwa naitreti, ambayo samaki wanaivumilia isipozidi sana. Na wa pili hana cha kubeba mpaka kona ijae, ndiyo maana tangi jipya huchukua wiki 4 mpaka 6 kutulia, na wewe ushaweka samaki siku ya kwanza.

Vitabu vingi vilimtaja hamali wa pili kuwa Nitrobacter, mpaka watafiti walipochunguza matangi miaka ya 1990 wakamkuta zaidi Nitrospira. Halafu 2015 ikagunduliwa kuna Nitrospira wanaofanya kazi zote mbili peke yao, na baadhi yao walitoka kwenye filta ya ufugaji wa samaki! Kwa hivyo mfano wangu wa hamali wawili una tobo, lakini kwa kazi ya nyumbani unatosha.

Huku kwetu Mombasa kosa hili linauma zaidi. Amonia ina sura mbili, moja kali moja pole, na joto pamoja na pH ya juu (pH ni kipimo cha uasidi wa maji, 7 ndiyo katikati) vinaisukuma kwenye ile kali. pH ikipanda nambari moja tu, ile kali inaongezeka karibu mara 10. Na maji ya kisima yaliyokaa ndani ya mwamba wa matumbawe kwa kawaida pH yake iko juu ya 7. Ongeza na stima kupotea: filta ya mkebe uliofungwa ikisimama masaa kadhaa, hao bakteria wanakosa hewa wanaanza kufa humo humo ndani.

Siku hizi sponji naikamua tu ndani ya ndoo ya maji niliyoyatoa tangini, bila sabuni wala maji ya mfereji, manake klorini inaua bakteria vilevile, na maji ya kuongezea nayaacha wazi usiku mzima kwanza (dawa ya maji ya mfereji ikiwa ni kloramini, kuyalaza hakusaidii, itabidi ununue ya kuiondoa). Kila wiki natoa kama robo ya maji kwa sababu naitreti haina hamali wa tatu humo tangini. Ile ndoo chafu naimwagia mrehani uani, naitreti ni mbolea, na mrehani wenyewe sasa umenipita kiuno.