Jina la Mungu lililojificha ndani ya "blimey"

Nafundisha Kiingereza na kukitafsiri, na swali ninaloulizwa mara nyingi kuliko yote ni la vihisishi. "Blimey" maana yake nini? Kamusi nyingi hujibu "lo!" na kuishia hapo. Si kosa, ila utamu wote umeachwa nje.

"Blimey" ni sentensi nzima iliyosagika mdomoni: God blind me, Mungu na anipofushe kama nasema uongo. Ni kiapo, na anayezoea kusema "haki ya Mungu" hahitaji kuelezwa zaidi. "Strewth" ni ukweli wa Mungu, God's truth. "Zounds" ni God's wounds, majeraha ya Yesu msalabani. Jina lenyewe limekatwa, kilichobaki ni mkia. "Gosh" na "golly" zimepita njia nyingine: hazikukata jina la Mungu, zimelipindisha sauti. "Crikey" inalifanyia hivyo jina la Kristo.

Sisi nasi tunayo "lahaula!" Ni mwanzo wa maneno ya Kiarabu yasemayo hapana hila wala nguvu ila kwa Mungu, na sehemu inayomtaja Mungu ndiyo iliyodondoka.

Waingereza walificha kwa kuogopa ile amri ya kutolitaja bure jina la Bwana. Baadaye sheria nayo ikaingia. Mwaka 1606 Bunge lilipiga marufuku kulitaja jina la Mungu kwa mzaha jukwaani, faini pauni 10 kwa kila kosa, fedha nyingi sana kwa mwigizaji wa wakati ule. Athari yake inaonekana kwa macho: katika "Othello" ya Shakespeare iliyochapwa 1622, mhusika Iago anampigia kelele baba yake Desdemona kwa "zounds". Katika chapa ya 1623 neno hilo halipo.

"Alas" haina Mungu ndani yake. Imetoka Kifaransa cha kale, na asili yake ni neno la Kilatini "lassus", aliyechoka. Ndiyo maana huwa naitafsiri "ole wangu", kamwe si "lo".

Linaloniuma zaidi ni maneno ya lahaja. Mtu wa Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza, akisema "nowt" kwa maana ya "hakuna kitu", wanafunzi hudhani ameharibu "nothing". Hapana! "Nowt" inatokana na "nawiht" ya Kiingereza cha kale. Na "laik", kucheza, ni "leika" ya mabaharia wa Skandinavia waliohamia huko katika karne ya 9.

Aliyeyakusanya maneno haya kwa heshima yanayostahili ni Joseph Wright, mtoto wa huko huko Yorkshire, aliyefanya kazi kiwandani tangu utotoni na kujifunza kusoma akiwa kijana. Kamusi yake ya lahaja za Kiingereza ilitoka kati ya 1898 na 1905, juzuu 6. Alipoikamilisha alikuwa profesa Oxford, na maneno aliyokua akiyasikia nyumbani yamo humo, mengi yakiwa na asili yake.