Ndege ya kijeshi haianguki kwa sababu ya adui au rubani tu

Imezoeleka kuamini kwamba ndege ya kijeshi ikianguka vitani, ama imetunguliwa ama rubani amekosea, na kwamba kanuni za usalama ni za ndege za abiria. Ajali ya Nimrod XV230, ndege ya upelelezi ya jeshi la anga la Uingereza, inaonyesha vinginevyo. Tarehe 2 Septemba 2006, muda mfupi baada ya kujazwa mafuta angani, ilishika moto karibu na Kandahar, Afghanistan, na wanajeshi wote 14 waliokuwamo wakafariki. Chanzo kinachoelekea zaidi ni mafuta yaliyovuja na kugusa bomba la hewa ya moto, hatari iliyokuwamo katika muundo wa ndege kwa miaka mingi. Uchunguzi wa wakili Charles Haddon-Cave, uliotolewa Oktoba 2009, ulionyesha jambo linaloumiza zaidi: waliopewa kazi ya kutathmini hatari hizo walianza na dhana kwamba ndege iliyoruka miaka 30 lazima iwe salama, kwa hiyo hawakuzitafuta hatari hizo kwa dhati. Kufuatia ripoti hiyo, Aprili 2010 iliundwa Military Aviation Authority, mamlaka inayoweka na kusimamia kanuni za usafiri wa anga wa kijeshi, bila kutegemea makamanda wanaozirusha ndege hizo.