Si kila mtoto wa kituoni ni yatima

Wengi huamini kwamba watoto wanaolelewa vituoni hawana wazazi, na kwamba mgeni kutoka Ulaya au Marekani akija Arusha au Moshi kujitolea kwa wiki mbili, anawapa upendo walioukosa. Nia ni njema.

Lakini wengi wa watoto hao wana mzazi aliye hai, pengine wote wawili. Kilichowafikisha pale mara nyingi ni umaskini: chakula, sare, matibabu. Na mtoto anayemkimbilia mgeni getini na kumng'ang'ania mkono huenda amezoea kuachwa. Kila anayemzoea huondoka, na kidonda kinatoneshwa upya. Hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Kuhakikisha kama kituo ni cha kuaminika si kazi ngumu. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya 2009 inataka makao ya watoto yawe na leseni. Omba kuiona, kisha muulize afisa ustawi wa jamii wa wilaya. Uliza pia ni watoto wangapi wamerudishwa kwa ndugu zao. Kituo kinachopokea malipo ya mgeni na kumwachia watoto siku hiyohiyo, bila kumdai hata cheti cha polisi cha tabia njema, kiepuke.